Jina la Kanga ya Jubilei

Ilikuwako nchi, na ingali ipo, ila raia wake wameombwa kwa upole wasiitaje mbele ya wageni. Ni nchi nzuri. Mvua zake hunyesha kwa ratiba, serikali yake hupenda watu, na watu wasiopendeka hutafutiwa mahali pa kukaa, penye ukuta mrefu na mlango mmoja.

Katika nchi hiyo alikaa mwalimu mstaafu, mjane, jina lake Shuweha Mkadamu. Alikuwa amefundisha Kiswahili miaka thelathini na minne katika shule isiyo na vioo madirishani, na kwa methali hakuwa na mfano. Ukimpa kichwa cha methali, atakupa mkia. Ukimpa mkia, atakuuliza kichwa umekiacha wapi. Alipostaafu, watu walimwandalia pilau, wakamshukuru, kisha wakamsahau. Kwa miaka mitano hakuna aliyebisha mlango wake kumuuliza neno lolote.

Kilichomrudisha kazini ni mnada wa mbuzi.

Mtukufu Rais, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na minne tu kitini, alikwenda kuufungua mnada huo katika wilaya ya mbali. Akawaambia watu kwamba asimamapo pale yeye ni mgeni wao. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akamwitikia kwa adabu kabisa: "Karibu sana, Baba. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

Watu wakacheka. Mtukufu, kuona watu wanacheka, naye akacheka. Lakini alipoingia garini akauliza maana yake, kwa kuwa alisomea ng'ambo tangu angali na meno ya utotoni, na methali za kwao hazikumkuta nyumbani. Waziri aliyekaa kulia kwake akageuka kutazama mashamba. Aliyekaa kushoto akaanza kukohoa, na kikohozi hicho kikadumu kilomita arobaini. Hadi gari linaingia Ikulu, Wizara ya Maana Sahihi ilikuwa imekwisha kuundwa, na yule mkohozi, Mheshimiwa Bwanaheri Makoko, ndiye aliyeteuliwa kuiongoza.

Wiki iliyofuata Mheshimiwa Bwanaheri alifika nyumbani kwa Shuweha. Nje lilisimama gari jeusi, na kando ya gari wanaume wawili ambao hawakupepesa macho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Bwanaheri. Umenenepa."

Alikuwa mwanafunzi wake. Mwalimu alimkumbuka vizuri, maana mtoto huyo ndiye aliyewahi kuandika katika mtihani kwamba "Mchumia juani hulia kivulini" ni ushauri wa kutochuma matunda wakati wa joto. Alimpa sifuri, na mtoto akalia, juani.

"Mwalimu, serikali imeona tatizo," alisema Waziri, akikaa kwenye kiti kilicholalamika. "Methali moja ina maana tatu, nne. Maana zikiwa nyingi, watu huchagua. Na watu wakianza kuchagua kitu kimoja, mwisho watataka kuchagua na vingine. Tunataka kila methali iwe na maana moja, iliyoandikwa, yenye mhuri. Mimi mwenyewe, nakwambia kweli, siziwezi. Nakuhitaji wewe."

Shuweha alitazama wale wanaume wawili nje, kisha akamtazama mwanafunzi wake. Baadaye alipenda kujiambia kwamba alikubali kwa hofu. Hofu ilikuwapo. Lakini ilikuwapo pia furaha ndogo, ya aibu, ya mtu aliyebishiwa mlango baada ya miaka mitano.

*

Wizara ilipewa jengo lililokuwa maktaba ya taifa. Vitabu vilihamishiwa bohari ili kupisha meza za wataalamu wa maana, na Shuweha akapewa cheo cha Mfasiri Mkuu na kiti kinachozunguka.

Kazi ilianza vizuri. Sheria ilipita kwamba harusi moja iruhusiwe methali tatu, kwa kibali. Msiba methali moja, tena isianze na neno "Mwenye". Mabibi waliokuwa wakisema wanavyotaka tangu kuzaliwa walipanga foleni kwenye ngazi za maktaba, fomu mkononi, wakisubiri kuulizwa: methali gani, itasemwa saa ngapi, mbele ya nani, na kwa sauti ya namna gani. Aliyejibu "kwa sauti ya kawaida" aliombwa afafanue.

Shuweha aliandika maana kwa mwandiko wake wa ubaoni, duara kwa duara, akazipeleka kwa Waziri, nazo zikarudi zimepigwa mistari. Aliandika kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia ni kwa sababu ugomvi wa wakubwa huwaangamiza wanyonge. Ikarudi: "Ni taarifa ya Idara ya Wanyamapori." Aliandika kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa kwa kuwa raha humsahaulisha mtu shida za wenziwe. Ikarudi: "Aliyeshiba hushikwa na usingizi, hivyo asisumbuliwe. Kutaja njaa hadharani ni kutoa siri za nchi." Mwenye nguvu mpishe ikawa kanuni ya barabarani, kwa ajili ya msafara.

Mara ya kwanza alikwenda kugomba.

"Bwanaheri, hii sivyo. Hii sivyo hata kidogo."

"Mwalimu, najua sivyo," akasema Waziri kwa huruma. "Ndiyo maana inahitaji mhuri. Ingekuwa ndivyo, mhuri wa nini?"

Mara ya pili hakwenda. Mara ya tatu alikwisha kujua Waziri atapenda nini, akamwandikia hivyohivyo ili kuokoa karatasi. Ndivyo mtu anavyoharibika katika nchi ile. Hakuna kelele, wala hakuna siku unayoweza kuitia alama ukasema ndiyo ile.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu aliifasiri kuwa ni onyo kwa watoto wasiosikia wazazi. Waziri alifuta neno "wazazi", akaandika "serikali". Mwezi mmoja baadaye ikaja barua kutoka Makao Makuu ya Polisi, imeandikwa kwa heshima zote. Polisi walisema wamepokea maana rasmi ya methali hiyo na wameanza utekelezaji, ila maofisa wa ngazi ya chini wanapata utata. Je, guu linalokusudiwa ni la kulia au la kushoto?

Shuweha aliisoma barua hiyo mara nne. Alidhani ni mzaha. Lakini polisi wa nchi ile hawakuwa na mzaha, na barua ilikuwa na kumbukumbu namba. Angeweza kuirarua. Angeweza kuandika kwamba methali ni methali, mguu ni wa maneno, na anayemvunja mtu mfupa kwa ajili ya msemo ni mwendawazimu. Aliketi mbele ya barua mpaka chai ikapoa. Mwisho, kwa sababu ndilo jibu alilodhani halimdhuru mtu, akaandika maneno mawili: "Methali haisemi." Akatia saini, akagonga mhuri.

*

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mzee Ngwali, fundi viatu, mtu mwembamba mwenye misumari mdomoni kuanzia asubuhi hadi jioni, hivi kwamba alikuwa mtu salama kuliko wote mtaani. Mkewe, Bi Mize, alikuwa mwanamke mkimya, mwepesi wa kupitisha bakuli juu ya ukuta kukiwa na chochote cha kupitisha. Watoto wao watatu walipita mikononi mwa Shuweha.

Siku moja Mzee Ngwali alikuwa kwenye foleni ya unga. Foleni ilikuwa ya tangu alfajiri. Akapita Mkuu wa Wilaya, kioo cha gari kikashuka, akawauliza watu kwa uchangamfu kwa nini hawatabasamu. Mzee Ngwali siku hiyo hakuwa na misumari mdomoni. Akasema, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao: "Mwenye shibe hamjui mwenye njaa." Hakuwa na kibali, haikuwa harusi, na ilianza na neno "Mwenye". Alichukuliwa pale pale, na kwa kuwa aliuliza kosa lake mara mbili, iliandikwa kwamba hasikii la mkuu.

Siku kumi baadaye Bi Mize alibisha mlango wa Shuweha. Hakuingia. Alisimama kizingitini na kikapu mkononi, chakula kikiwa ndani vilevile alivyokifunga.

"Karibu ndani, jirani."

"Nimetoka kumwona," alisema Bi Mize. "Wamemvunja miguu yote miwili."

Shuweha alishika ubao wa mlango.

"Niliwauliza, kwa nini yote miwili? Mtu akivunjwa mmoja haitoshi? Askari alikuwa kijana mstaarabu, Mungu amhifadhi. Akasema wao hawakutaka, ila walipouliza mguu upi, waliambiwa methali haisemi. Basi ili wasikosee wakachukua yote. Akanionyesha na barua." Bi Mize alitazama chini, akarekebisha kitambaa cha kikapu. "Mimi kusoma sijui sana. Lakini saini niliijua. Ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye ripoti za wanangu. Wote watatu."

Shuweha alitaka kusema hakujua, na ulimi ukakataa, kwa sababu alijua. Bi Mize hakusubiri. Alirudi kwake, na kuanzia siku hiyo hakupitisha bakuli wala salamu. Walikutana bombani, wakachota, wakaondoka, kama watu wawili wa lugha mbili.

*

Mwaka uliofuata Mtukufu alitimiza miaka ishirini na mitano kitini, na taifa likaamriwa kufurahi. Kwa ajili ya Jubilei ilitolewa kanga maalumu: rangi ya njano na nyeusi, mbuni pindoni, ambao walikuwa alama ya taifa, na katikati ya mji wa kanga, ndani ya duara, sura ya Mtukufu akitabasamu. Kila mwanamke wa nchi ile alipaswa kuivaa siku ya sherehe. Ilibaki jina tu, yale maneno yaandikwayo chini ya picha, kwani kanga isiyo na jina ni kitambaa cha meza.

Waziri alimwita Shuweha ofisini.

"Mwalimu, kiwanda kinasubiri. Nataka methali nzito, ya asili. Ihusu mavazi, maana ni vazi. Na ihusu ukaribu. Mtukufu amesisitiza ukaribu. Anataka watu wamhisi yuko nao, mwilini kabisa."

Shuweha alihisi kitu kikimtulia kifuani, kitu baridi na safi, kama ilivyokuwa zamani darasani alipojua swali gani litamtoa mwanafunzi mvivu mafichoni.

"Ipo moja," alisema. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Waziri aliirudia polepole, akiionja. "Nguoni mwako. Nguo ipo. Ukaribu upo." Akakunja uso kidogo. "Ina maana gani?"

"Wewe mwenyewe uliipitisha, Mheshimiwa. Mwaka jana, ukurasa wa mia mbili na tatu."

Waziri alifungua Kamusi Rasmi ya Maana. Ilikuwapo, na mhuri juu yake: "Methali hii inahimiza usafi wa mavazi na ufuaji wa mara kwa mara." Uso ukamkunjuka. Hakuwa mtu mbaya sana, Bwanaheri. Alikuwa mtu ambaye hakusoma swali hadi mwisho.

"Usafi," alisema. "Ukaribu na usafi. Mwalimu, wewe ni hazina." Akatia saini.

Kanga zikachapwa milioni mbili.

Siku ya Jubilei, saa nne asubuhi, uwanja ulijaa wanawake. Walikuwa wamekaa kwa safu, njano na nyeusi hadi jicho linapochoka, na kila mwanamke aliyekaa alikuwa na mgongo wa mwenziwe mbele ya macho yake. Na kila mgongo ulikuwa na sura ya Mtukufu akitabasamu, na chini ya sura hiyo, kwa herufi kubwa: KIKULACHO KI NGUONI MWAKO.

Hakuna aliyecheka. Kama wangecheka, polisi wangejua la kufanya. Wanawake walisoma tu. Aliyemaliza kusoma mgongo wa mbele alitazama wa pembeni, kisha akajitazama mwenyewe, akainua macho yake taratibu hadi jukwaani, kwa yule mwenye sura. Ukimya ukaanza safu za mbele, ukapanda ngazi kwa ngazi hadi juu kabisa, watu elfu arobaini, wasisikike hata kukohoa. Bendi ya polisi ikapiga wimbo wa taifa mara mbili ili kuujaza, haikufaa kitu.

Jukwaani, balozi wa nchi jirani, ambako nako wanajua Kiswahili, aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa leso. Mtukufu alimwona. Akageuka kwa Waziri.

"Wanasoma nini?"

Mheshimiwa Bwanaheri alianza kukohoa.

*

Shuweha alikamatwa kabla hotuba haijaisha. Shtaka lilikuwa kuweka maneno mabaya chini ya sura takatifu, na kesi iliamriwa isikilizwe hadharani, redioni, ili iwe funzo. Hilo lilikuwa kosa lao.

Jaji alikuwa mzee aitwaye Mtoro, aliyebakiza miezi miwili astaafu na asiyetaka kitu kingine duniani isipokuwa miezi hiyo ipite. Mwendesha mashtaka, Bwana Tamimu, alisoma shtaka kwa sauti ya radi.

"Maneno hayo ubaya wake ni upi?" akauliza Jaji.

"Ubaya wake unajulikana, Mheshimiwa Jaji."

"Unajulikana na nani?"

"Na kila mtu."

"Basi tuletee mmoja wao aueleze."

Bwana Tamimu alileta shahidi, mhadhiri wa chuo kikuu. Mhadhiri alitoa maelezo ya robo saa juu ya ngeli ya "kikulacho", na alipobanwa aseme hicho kinachokula ni nini, akasema katika utafiti wake hajafika hapo. Akaletwa mkuu wa kiwanda cha kanga. Huyo alijua rangi tu. Akaletwa mpelelezi, akasema kwamba yeye, kwa kiapo, anaamini ni chawa. Jaji akamuuliza kama serikali imemleta mwanamke huyu kizimbani kwa ajili ya chawa. Mpelelezi akatazama dari.

Mtego ulikuwa wazi kwa kila aliyekuwa na redio. Kumtia hatiani, ilibidi mtu asimame aseme methali hiyo ina maana gani inapowekwa chini ya sura ile. Na mtu huyo, kwa kusema tu, angekuwa ametenda kosa hilohilo, kwa maneno ya wazi zaidi.

Siku ya tatu akaitwa Waziri mwenyewe. Akaja na Kamusi yake kwapani. Shuweha, ambaye hakupewa wakili, aliruhusiwa kumuuliza.

Alisimama kizimbani na gauni la mahabusu, mwembamba, miwani imefungwa uzi. Wote waliowahi kukaa darasani kwake, na walikuwa wengi mle ndani, wakakaa wima bila kutaka.

"Bwanaheri."

"Naam, mwalimu," akasema Waziri, kisha akajirekebisha: "Naam, mshtakiwa."

"Funga kitabu."

Akakifunga.

"Maana ya kitabuni tumeisikia. Kama ndiyo maana ya kweli, mimi sina kosa, na nyumbani niende. Kama siyo, maana ya kweli ni ipi?"

"Mimi... Wizara inaamini..."

"Sikuiuliza Wizara. Nilikufundisha hii methali, muhula wa pili, mvua ikinyesha ndani. Ulikaa karibu na mlango. Nilisema anayekudhuru yu wapi?"

"Karibu," alisema Waziri kwa sauti ndogo.

"Karibu wapi?"

"Karibu... kwamba adui wa mtu hatoki mbali. Ni mtu wako mwenyewe. Uliyemvaa."

"Vizuri. Sasa tumia mfano. Kanga hii hapa. Aliyevaliwa ni nani?"

Mheshimiwa Bwanaheri alitazama kanga iliyotundikwa kama kielelezo. Jasho lilikuwa linamtiririka, lakini machoni mwake palikuwa na kitu ambacho Shuweha alikiona mara chache sana katika miaka thelathini na minne, na hakukiona kabisa kwa mtoto yule: maana ilikuwa inamwingia. Alikuwa anaelewa.

"Kumbe," alisema Waziri wa Maana Sahihi, redioni, nchi nzima ikisikiliza. "Kumbe ni yeye ndiye anayetula."

Karani wa mahakama, kwa mazoea, akaandika.

Waziri alitolewa na askari wanne. Inasemekana hadi mlangoni alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyekumbuka alikoacha kitu. Hakuonekana tena. Shuweha alimwona akitoka, na hakufurahi kama alivyodhani angefurahi. Alikuwa amemfundisha mtoto jambo moja maishani, akamfundisha ili aangamie.

Jaji Mtoro aliamua kwamba maneno mabaya yamesemwa na Waziri, mshtakiwa hakusema kitu, na kwa hiyo hana hatia. Akamhukumu miaka minne kwa kutokuwa na hatia kwa namna ya dharau. Kisha akaenda likizo.

*

Serikali ikajifunza. Ikatambua kwamba kasoro haikuwa katika maana, ilikuwa katika methali zenyewe, na kwa sheria ya kurasa mbili ikazifuta zote. Mafumbo, misemo, vijembe na majina ya kanga vikafutwa pamoja nazo. Wizara ikafungwa. Kuanzia Jumatatu hiyo, raia aliamriwa aseme anachokusudia na asiseme kitu kingine.

Watu wakatii. Hili serikali haikulitarajia.

Zamani, mama aliyenyimwa dawa hospitalini angesema mkono mtupu haulambwi, akaenda zake, na mganga angejifanya hakusikia. Sasa akasema: "Dawa ipo kabatini, naiona. Unamficha nani?" Kwenye foleni ya unga mtu hakusema tena lolote juu ya shibe. Alisema: "Unga wetu umekwenda nyumbani kwa Mkuu wa Wilaya, kwa lori, jana." Polisi waliwakamata wa kwanza, lakini sheria ilikuwa mpya na wazi: walikuwa wamesema walichokusudia, ikabidi waachiwe. Watu wa nchi ile walikuwa wameushika ukweli kwa vizazi kwa kuuzungushia maneno, kama mtu anayezungushia nguo chungu cha moto. Nguo ikaondolewa.

Bi Mize alikwenda gerezani siku ya kuona wafungwa. Bwana jela akamuuliza anataka nini.

"Namtaka mume wangu," akasema. "Hakukosa kitu. Mmemvunja miguu. Nitakaa hapa mpaka mmtoe."

Akatandika kanga yake chini mbele ya mlango, akakaa. Siku ya pili walikuwa wanawake tisa. Wiki ya pili msafara wa magari haukuweza kupita, na hakuna fomu iliyokuwapo ya kuondoa watu waliokaa kimya baada ya kusema ukweli. Mzee Ngwali alitolewa kwa mlango wa nyuma, amebebwa kwenye machela na wafungwa wawili, miguu imeunga vibaya. Alimwomba mkewe misumari na nyundo yake. Hakusema neno jingine siku hiyo.

Ndipo Ikulu ilipotuma ujumbe kwa Shuweha. Walikuja watu watatu wenye suti, wakaletewa viti. Walisema Mtukufu amesikitishwa na ukali wa lugha ulioingia nchini. Watu hawana staha tena. Anafikiria kurudisha methali, chache, za upole, na anamwomba Mwalimu aandike orodha. Akiandika, leo hiihii anakwenda nyumbani.

Shuweha aliitazama ile kalamu waliyoiweka mezani.

"Mlizifuta," alisema. "Na mimi naheshimu sheria. Kwa hiyo nitawaambia wazi, mkamfikishie. Watu wake wamemchoka. Aondoke."

"Mwalimu, huwezi kulisema hilo kwa njia nyingine?"

"Niliwahi," akasema. "Niliandika kwenye kanga milioni mbili."

Wakachukua kalamu yao wakaondoka.

Ijumaa ya wiki hiyo aliitwa kwenye dirisha la wageni. Upande wa pili wa nondo alikaa Bi Mize, na chupa ya uji mbele yake. Walikuwa hawajazungumza mwaka mmoja na miezi minne. Shuweha alikaa, akaweka mikono mapajani.

"Sijakusamehe," alisema Bi Mize.

"Najua."

"Hatembei. Anajikokota kwa makalio kutoka kitandani hadi kwenye kazi yake. Kila nikimwona, naiona saini yako."

"Najua, jirani."

"Kunywa uji. Una pilipili manga."

Shuweha alikunywa. Uji ulikuwa moto, na machozi yalipokuja angeweza kuisingizia pilipili, lakini hakuisingizia. Nje, kupitia dirisha dogo la juu, zilisikika sauti za wanawake wengi, wakigawana kitu, wakiitana majina. Hazikuwa sauti za watu wanaojiandaa kuondoka.

"Ngwali ameshatoka," alisema Shuweha. "Kwa nini bado mmekaa hapo mlangoni?"

Bi Mize aliifunga chupa, akaipangusa mdomo kwa upindo wa kanga.

"Wewe bado umo."

"Umesema hujanisamehe."

"Ndiyo maana nataka utoke," alisema Bi Mize. "Nina mengi ya kukwambia, na si mambo ya kuambiana dirishani."

Akainuka, akaenda kukaa.